Anayetosha Apite

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho ya mtaa wa Sofu wakati Loyce akimshikia fundi Dulla mlango wa jikoni usicheze. Panya walikuwa wametafuna chandarua cha mwanawe mara mbili ndani ya wiki moja. Rahabu alikuwa na miezi sita tu, hata kukaa bado. Paka alishapatikana, wa kijivu, mwindaji hodari. Lililobaki ni tundu la kumpitisha.

Loyce hakubahatisha. Alimpima paka mabega, akaongeza sentimita tano, akaandika kwenye karatasi: kumi na saba kwa ishirini.

"Dada, umempima kama unamshonea suti," Dulla alitania. Kisha akaweka msumeno chini. "Sasa, mlango huu wa nani?"

"Wa nani tena? Anayetosha apite."

Dulla hakucheka. "Kwetu Maneromango mlango mpya hautobolewi mpaka mwenyewe atajwe. Sema vizuri."

"Fundi, kiza kinaingia. Nimeshasema. Anayetosha apite. Kata."

Akakata. Akaning'iniza kipande cha plaiwudi kwa bawaba mbili, akaondoka bila kuaga.

Kibao kile kilikuwa na sauti mbili. Paka akiingia, bawaba zililia: kwii. Akitoka, kibao kilikwaruza saruji: kwaru. Loyce, ambaye hakuweza kulala bila kukagua kitasa mara tatu, alijikuta anahesabu.

Siku ya kwanza, kwii tano, kwaru tano.

Siku ya pili, kwii sita. Kwaru tano. Na paka alikuwa nje, amelala juu ya ukuta.

Siku ya tatu ilianza kwa kwaru, paka bado yuko ukutani. Jua likielekea kuzama, Loyce alinyunyiza unga wa ngano mbele ya tundu, kwa ndani. Mumewe, Bernard, alikuwa bado njiani kutoka Dar. Rahabu alikuwa amelala chumbani. Loyce aliketi sebuleni, paka mapajani mwake.

Kwii.

Paka alikuwa mapajani mwake.

Manyoya yalimsimama mnyama yule. Harufu ikaingia sebuleni, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi... na maziwa yaliyochacha.

Loyce alikwenda jikoni akinyata, akamulika kwa simu. Kwenye unga kulikuwa na alama za viganja. Vidogo. Vidole vitano, vitano. Vilielekea ndani.

Hakuna kilichotoka.

Alikimbia chumbani. Rahabu alikuwa pale, chini ya chandarua, anapumua. Loyce alimpigia Dulla simu, akamweleza alichokiona.

"Nilikuambia, dada," Dulla alinong'ona. "Umekaribisha usiyemjua. Sikiliza. Mbebe mtoto mgongoni. Umfunge kabisa, umesikia? Kisha nenda mlangoni, umtaje mwenyewe. Asiye mwenyewe atatoka. Akitoka, pigilia misumari."

"Basi?"

"Basi. Ila mtoto asiguse chini, wala asibaki peke yake, kisije kikabadilishana naye."

Loyce alichukua nyundo na misumari. Akafungua khanga. Akamtazama Rahabu. Alikuwa amelala fofofo. Akiamshwa saa ile, angelia, na kilichomo ndani kingejua alipo. Jikoni ni hatua kumi na mbili, Loyce alishazihesabu. Dakika moja tu.

Akamwacha. Akafunga mlango wa chumba nyuma yake.

Alisimama kando ya tundu, mgongo ukutani, macho ameyafumba.

"Mlango huu ni wa paka," alisema. "Wa paka peke yake."

Akasikiliza.

Kisha, upande wa sebule, mlango wa chumba ulilia taratibu. Kitu kikaja kinajikokota sakafuni. Pah... pah... pah. Viganja juu ya saruji. Harufu ile ikampita miguuni.

Loyce hakufumbua macho.

Kwaru.

Alipiga magoti akapigilia. Misumari minane, miwili kila pembe. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

Alirudi sebuleni akakuta mlango wa chumba uko wazi. Ndani ya chandarua Rahabu alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, anamtazama.

Rahabu, ambaye hata kukaa bado.

"Mama..." Loyce alinong'ona, kama alivyozoea kumwita mwanawe. Mtoto akatabasamu, akainua mikono apakatwe.

Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa unga.

Paka alikuwa kwenye kona ya sebule, amejikunja, anautazama mlango wa jikoni. Nje, nyuma ya misumari minane, mtoto alianza kulia. Kilio cha njaa, chenye kikwikwi katikati. Loyce alikuwa akiamka kwa kilio kile kila usiku kwa miezi sita.

Kitandani, mtoto aliacha kutabasamu.

Loyce aligeuza nyundo, upande wa kung'olea misumari.