Kifuniko Kimefunguliwa

Seva ya kiwanda cha sabuni, kompyuta kuu iliyopitisha oda zote, haikuwa na maneno mengi. Ukiiwasha asubuhi inanguruma kidogo, inaanza kazi, basi. Jumatatu ile ikasimama njiani na kuandika mstari mmoja mweupe kwenye skrini nyeusi: KIFUNIKO KIMEFUNGULIWA.

Fundi aliusoma mara mbili, kikombe cha chai mkononi. Onyo hilo alikuwa ameliwasha mwenyewe Ijumaa jioni, alipoingia kwenye bayosi, yaani ile mipangilio ya ndani kabisa ambayo mashine huisoma kabla haijasoma kitu kingine. Aliweka neno la siri, akaziba matundu ya kuchomekea flashi, akaamuru mashine iwake kwa diski yake yenyewe tu. Mwisho akawasha mlinzi wa kifuniko: mtu akilifungua sanduku, hata likiwa limezimwa, asubuhi litamsema. Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja, na ulilala mkobani mwake.

"Panya," alijiambia, ingawa bado hajazaliwa panya wa kufungua skrubu nne na kuzirudisha mahali pake.

Akazifungua. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka, harufu ya mafuta yaliyochacha, nzito mpaka aliionja kooni. Ndani, bodi nzima ilikuwa imefunikwa utando wa manjano, laini, wenye uvuguvugu kama kitu kilichotoka kwapani. Feni ilikuwa imezongwa na nywele mbichi. Na ndani ya ule utando, zimekwama kama njugu kwenye kashata, zilikuwa kucha za watu, za miguuni, nyingine bado zina uchafu chini yake. Fundi akaimwaga chai yake yote kwenye ndoo ya taka.

Msafishaji, mama mtu mzima aliyeanza kazi hapo enzi za mapipa ya moto, aliingia na tambara lake. Alichungulia mara moja, akarudishia mlango taratibu.

"Punguza sauti, Fundi," alinong'ona. "Chumba hiki kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Hapa palikuwa stoo ya mafuta ya ng'ombe. Wapishi wa sabuni hawakufunga kazi bila kumwachia bonge la mafuta pale kwenye kona. Asubuhi hulikuti, na sakafu imelambwa mpaka inang'aa. Mkaleta vigae, mkaleta baridi yenu, bonge likakoma. Sasa unafikiri anakula nini?"

Fundi aliitazama feni. "Vya miili yetu?"

"Vinavyodondoka," alisema msafishaji. "Kwa kuanzia."

Fundi angecheka, maana alikuwa mtu wa kucheka mambo hayo, lakini alikuwa mama wa binti wa miaka sita. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Kila siku akitoka shule alikaa kwenye chumba cha seva, chumba pekee chenye hewa ya ubaridi kiwandani, akimsimulia mama yake habari za walimu, za paka, za nani kamfinya nani. Wiki iliyopita jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka, akalifunga kwenye karatasi, na karatasi hiyo haikuonekana tena.

Jumanne mashine ikasema tena. Kwenye mafuta mapya palikuwa na jino dogo. Jumatano likaongezeka la pili, nalo lilikuwa na damu.

"Mama," Chiriku alimwambia jioni hiyo, akionyesha pengo, "hili halikuwa linacheza."

Hapo Fundi aliogopa, akaogopa kwelikweli. Alimpigia simu mganga aliyetajwa na msafishaji.

Mganga alikuja mchana kweupe, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na miwani ya kusomea, mwenye haraka na hasira kama fundi bomba aliyeitwa siku ya mapumziko. Alikunja pua.

"Umezima?"

"Nimechomoa hadi waya."

"Bado kuna kitu kinahesabu humo ndani. Kitoe. Mimi simtoi mtu kwenye nyumba yenye taa."

Fundi alishangaa mganga alivyojua. Kwenye bodi kulikuwa na betri ya duara, kama kifungo cha koti, inayoifanya mashine ikumbuke saa na mipangilio hata ikikatiwa umeme. Aliichomoa, ikatoka na uzi wa mafuta.

Mganga akaanza kusoma, kwanza polepole, kisha kwa kasi, na sanduku likaanza kutoka jasho, na yale mafuta yakayeyuka yakichuruzika kwenye matundu ya hewa, yakashuka mguu wa meza, yakajikusanya sakafuni yakawa ulimi mpana wa manjano wenye nywele na kucha, ulimi uliotambaa kigae kwa kigae ukilamba ulipopita, ukasimama mbele ya viatu vya Fundi kama unaonja hewa yake, na ndipo, chumvi ilipomwagwa nyuma yake, ukapenya chini ya mlango kwa sauti ya mtu anayefyonza mfupa.

Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ametoka," alisema mganga akifuta miwani. "Ila mimi kazi yangu kutoa. Mlango unaulinda wewe. Akirudi utajuaje?"

"Mashine itaniambia. Kifuniko kikifunguliwa, inasema."

"Basi isikilize."

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri nyuma ya mganga, meneja akatokeza kichwa. "Fundi, magari yamejaa getini, hakuna oda inayotoka! Nakupa nusu saa!"

Fundi akapangusa, akarudisha betri, akawasha. Mashine iliamka kama mtoto mchanga, haijui hata mwaka. Akaipa tarehe, akaipa neno la siri, akaionyesha diski yake. Ikawaka. Meneja alipiga makofi. Mengine Fundi aliyaweka kesho, na kesho ina wenyewe.

Asubuhi iliyofuata, kimya. Wiki nzima, kimya. Fundi alirudi kucheka. Akamrudisha Chiriku kwenye kiti chake, pale pale kwenye ubaridi.

Wiki ya tatu msafishaji aliegemea fagio. "Chiriku wetu siku hizi haongei."

"Anaona haya, mapengo. Anakua huyo."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Fundi."

"Na wewe kwa methali!"

Kweli mtoto alikuwa amezoea kuweka kiganja mdomoni. Mkate hali mpaka auloweke kwenye chai. Fundi aliliona hilo, akaliacha lipite, kwa kuwa kila asubuhi skrini ilikuwa safi.

Alhamisi, karani alichomeka flashi yake kwenye seva, nayo ikafunguka. Fundi alikunja uso, maana matundu yale aliyaziba mwenyewe. Akaingia kwenye bayosi, ukurasa wa usalama. Matundu: wazi. Akashuka mstari mmoja. Onyo la kifuniko: limezimwa.

Kila anayeshika bisibisi analijua hili, na yeye alilijua. Ukichomoa ile betri, kila ulichopanga kwa mkono wako kinafutika, mashine inarudi ilivyotoka kwa walioiunda, na kwao hutoka mlinzi wa kifuniko akiwa amelala. Kwa wiki tatu mashine haikuwa imemwambia kwamba kifuniko kimefungwa; ilikuwa imenyamaza tu. Haikuwa imeulizwa.

Alizifungua skrubu nne, akakitoa kifuniko. Sanduku lilikuwa limejaa mafuta hadi ukingoni, ya moto, yanapumua, na kwenye nafasi ndefu za kuchomekea memori zilizokuwa tupu meno yalikuwa yamepangwa wima, kwa ukubwa wake, nadhifu. Jino la utotoni likidondoka kwa wakati wake huwa halina mzizi. Haya yote yalikuwa na mizizi.

Nyuma yake, kwenye kiti, Chiriku alikuwa ananing'iniza miguu.

"Mwanangu," alisema Fundi, akipiga magoti mbele ya kiti. "Toa mkono. Fungua mdomo, mama aone."

Mtoto alitikisa kichwa. Machozi yakamtoka. "Anasema nikisema, atakula meno yako," alinong'ona nyuma ya kiganja, kwa maneno yaliyolegea kama ya kikongwe.

Fundi aliushika ule mkono mdogo, akaushusha. Harufu ya mafuta yaliyochacha ikampiga usoni. Fizi zilikuwa tupu, za waridi, hazina hata tone la damu. Zilikuwa zimelambwa mpaka zinang'aa.