Bata wa Shangazi Salvina na Maji ya Mwaloni

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, Limi alikwenda kumchungulia bata. Bata mwenyewe alikuwa mweupe mwenye madoa meusi mgongoni, na alikuwa amelalia mayai kumi na manne ndani ya tenga kuukuu, kwenye kona ya jiko la nje la Shangazi Salvina. Limi akitokeza tu mlangoni, bata anatanua shingo na kumfokea. Limi naye hakuwa mtu wa kukubali kufokewa bure.

"Foka tu, mama," alimwambia huku akimwekea pumba. "Utafoka na utakula. Nani mwingine anakuletea chakula kitandani?"

Limi alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita katika kitongoji kimoja nje kidogo ya Runzewe. Kwa maneno, darasani kwao hakuwa na mpinzani. Shangazi Salvina, dada wa baba yake, aliishi nao ua mmoja na alifanya biashara ya dagaa. Mara kwa mara alifunga safari hadi Nkome, ziwani, akakaa huko hata wiki mbili tatu akisubiri dagaa wakauke vizuri, ndipo arudi kuuza gulioni.

Sasa, bata huyu alikuwa na sifa mbaya. Mara ya kwanza alipolalia, kenge alikula mayai yote. Mara ya pili aliacha mayai katikati ya safari, na hakuna aliyejua kwa nini. Shangazi Salvina si mtu wa kubembeleza mifugo. Siku ya kuondoka kwenda Nkome, bata akiwa na siku ishirini kwenye mayai, alimwita Limi jikoni.

"Limi, nakuachia bata wangu. Unaweza au huwezi?"

"Naweza, Shangazi! Mimi tena?"

"Sikiliza kwanza. Kila siku atatoka mara moja kula na kuoga. Usimzuie. Akirudi na unyevunyevu kifuani, mayai yanapata maji yanayohitaji. Beseni lake ni hili. Maji ni ya bombani. Si ya mwaloni, kule wanakooshea dhahabu. Umesikia?"

"Nimesikia. Ya bombani, si ya mwaloni."

Shangazi alimtazama bata kwa jicho kali. "Na huyu naye mwambie, safari hii ni ya mwisho. Akiharibu tena, Krismasi hii anaingia chunguni."

Limi alicheka, lakini alijua kwamba shangazi yake hatanii. Akamwinamia bata na kumnong'oneza, "Usiogope. Mimi nipo."

Na kweli alikuwepo. Pumba asubuhi, maji ya kunywa, beseni la kuogea akitoka shule, au saa nne baada ya kazi za nyumbani siku zisizo za shule. Bombani, karibu na zahanati, ni mwendo wa robo saa, na foleni ya ndoo haikosekani, lakini Limi alikwenda. Shuleni alijigamba mpaka wenzake wakachoka. Boaz, aliyekaa naye dawati moja, alimkatisha tamaa siku ya ishirini na tano.

"Mayai viza hayo," Boaz alisema. "Kuku wetu anaangua siku ya ishirini na moja."

"Nani amekuambia bata ni kuku? Bata wa aina hii anakwenda siku thelathini na tano. Uliza kwanza, Boaz, ndipo uongee."

Boaz alinywea. Limi alijisikia bingwa.

Siku ya thelathini iliangukia Jumamosi. Baba na mama walikuwa wamekwenda shambani tangu alfajiri. Limi alikuwa na haraka ya ajabu, kwa sababu siku hiyo kwaya ya watoto kigangoni ilikuwa inachagua atakayeongoza nyimbo kwenye sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango, na yeye alikwisha kujichagua kichwani. Alibeba ndoo hadi bombani. Lo! Foleni ilikuwa imezunguka hadi nyuma ya zahanati. Akahesabu ndoo, akatazama jua, akageuka nyuma na ndoo tupu.

Njia ya kurudi ilipita kando ya mwalo. Mwalo ni mahali wachimbaji wadogo wanapoleta mawe yaliyosagwa, wakayaosha kwa maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia, ili vumbi la dhahabu libaki. Maji yanayotoka hapo hukusanyika kwenye dimbwi. Siku hiyo wachimbaji walikuwa hawajaanza kazi, tope lilikuwa limetulia chini, na maji ya juu yalionekana safi kabisa.

"Ni ya kuogea tu," Limi alijisemea. "Kwani anakwenda kuyanywa?"

Akachota nusu ndoo. Alipofika nyumbani akamimina kwenye beseni, akamfungulia bata, akamwona anarukia maji na kupiga mbawa kwa furaha. Hakusubiri amalize. Alikimbilia kwaya.

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Mlangoni pa jiko alisimama ghafla. Bata hakuwa kwenye tenga. Alikuwa amesimama kivulini kando ya beseni, anatetemeka, manyoya yamegandamana mwilini kama shati la mtu aliyetumbukia mtoni. Mbawa zilining'inia. Hakufoka. Limi aliingiza mkono kwenye kiota na kugusa yai moja, la pili, la tatu. Yalikuwa yanapoa.

"Mayo wane, mama yangu!" Limi aliita, kama bibi yake anavyoita mambo yakiharibika.

Alimbeba bata na kumweka juu ya mayai. Bata alikaa kidogo, akainuka, akashuka akiyumba. Akamfuta kwa kanga. Kanga ililowa chapachapa, bata akabaki vilevile. Limi alifunika mayai kwa kanga nyingine na kukimbilia kwa jirani yao, Baba Nkwabi. Baba Nkwabi alikuwa mwosha dhahabu pale mwaloni, na nyumbani kwake alifuga bata wasiopungua ishirini. Alikuwa amekaa barazani anafunga kamba za viatu, tayari kwenda kazini.

"Shikamoo, Baba Nkwabi! Njoo, bata wa Shangazi anatetemeka!"

"Marahaba. Amefanya nini?"

"Ame... amenyeshewa."

Baba Nkwabi alitazama mbingu. Hapakuwa na wingu hata la dawa. "Na mvua ipi?"

"Ilipita upande wetu tu. Kidogo."

"Limi," Baba Nkwabi alisema taratibu. "Hata ingenyesha wiki nzima. Tangu lini bata akalowa kwa mvua?"

Limi aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Sikuulizi ili nikuchape," Baba Nkwabi aliendelea. "Nikijua kilichompata, najua pa kuanzia. Nisipojua nitabahatisha, na mayai hayasubiri."

"Nimemwekea maji ya mwaloni. Foleni ilikuwa ndefu, nikataka kuwahi kwaya."

"Aaa! Haya, twende!" Baba Nkwabi alikwisha kusimama. Walipokuwa wanatembea haraka, alimweleza. "Manyoya ya bata yana mafuta, ndiyo maana maji humteleza. Sasa sisi pale mwaloni tunamwaga sabuni ya unga ili dhahabu isielee. Sabuni imemwosha mafuta yote. Ukimpasha joto bila kuitoa, atalowa tena kila akigusa maji. Na kuna zebaki pia kwenye maji yale, hiyo ni sumu kwa watu. Uliingiza mikono?"

"Ndiyo."

"Utanawa vizuri kwa maji ya bomba. Na hayo maji ya bomba tunayahitaji sasa hivi. Ndoo mbili."

Kwa hiyo Limi alirudi kwenye foleni ileile aliyoikimbia, safari hii na ndoo mbili, na foleni haikuwa imepungua. Alisimama mwishoni. Akafikiria kusema kwamba kuna mgonjwa nyumbani. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Uongo mmoja kwa siku ulikuwa umemtosha.

"Mama zangu, shikamooni!" alipaza sauti. "Naomba nipite. Nimemwogesha bata wa Shangazi Salvina kwa maji ya mwaloni na sasa anakufa. Ni kosa langu, lakini naomba nipite."

Wanawake waligeuka wote. Kicheko kikalipuka. "Bata wa Salvina? Mtoto, umekwisha!" mmoja alisema akijishika mbavu. Lakini aliyekuwa mbele alivuta ndoo yake pembeni. "Mpisheni. Salvina ninamjua mimi."

Nyumbani Baba Nkwabi alikwisha kuwasha jiko. Mayai alikuwa ameyapanga ndani ya sanduku la mbao lililojaa pamba ya shambani, na katikati yake ameweka chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa vitambaa. "Kila chupa ikipoa, badilisha," aliagiza. "Yasiwe ya moto sana. Ukiishika chupa uione kama tumbo la bata."

Walipasha maji yakawa vuguvugu, wakamsuuza bata mara ya kwanza. Povu lilitoka. Mara ya pili, povu kidogo. Mara ya tatu, maji yakawa safi. Wakamfuta na kumweka juani kwenye gunia kavu. Limi alikaa naye akimkausha, kila baada ya muda anakwenda kubadilisha chupa. Hakukumbuka hata kuuliza nani alichaguliwa kuongoza nyimbo.

Saa nane Baba Nkwabi alileta tochi yake ya kichwani, ile anayoshukia nayo shimoni wakati mwingine. Waliingia na sanduku stoo, wakafunga mlango pawe giza, akaegemeza yai kwenye mwanga. Ndani ya yai Limi aliona kivuli kikubwa cheusi na mishipa myembamba. Ghafla kivuli kikaruka.

"Kinacheza!" alipiga kelele.

"Hicho kizima." Akachukua jingine. Hilo halikutikisika. Mengine yalitikisika kidogo, mengine kimya. Baba Nkwabi alizima tochi. "Mengine yamepigwa na baridi. Rudisha yote, tusimhukumu yeyote mapema."

Saa kumi bata alikuwa amekauka. Aliingia jikoni kwa miguu yake, akatazama tenga, akapanda na kuyapanga mayai kwa mdomo. Limi alimsogelea. Bata akamfokea kwa nguvu zake zote, na Limi akalia kwa furaha.

"Siku hizi tano hakuna beseni," Baba Nkwabi alimwambia. "Atajipaka mafuta mwenyewe kwa mdomo, kidogokidogo. Akitoka kula, nyunyizia mayai maji ya vuguvugu. Ya bombani!"

"Ya bombani," Limi alisema. "Na Shangazi? Utamwambia?"

"Mimi? Hilo ni lako, si langu."

Siku ya thelathini na tano mayai yalianza kupasuka. Kimoja kikatoka, cha pili, cha tatu. Hadi jioni ya siku iliyofuata vilikuwa vifaranga vitano vya manjano vyenye madoa meusi. Mayai tisa yalibaki kimya. Siku mbili baadaye Shangazi Salvina alishuka kwenye bodaboda na magunia yake ya dagaa, akaenda moja kwa moja jikoni kabla hata ya kunywa maji.

Alihesabu vifaranga. Akahesabu mayai. Akashika kiuno.

"Vitano! Katika mayai kumi na manne! Bata gani huyu? Kenge, sawa, sikumlaumu. Safari hii alikuwa na nini? Nilisema na ninarudia, akimaliza kulea hivi vitano, Krismasi chunguni. Wewe Limi hongera, umejitahidi. Kazi yako nimeiona."

Limi alikuwa amesimama mlangoni. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo, tena na hongera juu. Bata alikuwa amekusanya vifaranga chini ya mbawa, hana habari kwamba anahukumiwa. Limi alipiga hatua mbili mbele.

"Shangazi, si yeye. Ni mimi." Akasimulia yote: foleni, mwalo, kwaya, hata ile mvua ya uongo. Safari hii hakuinamisha kichwa. "Yeye hakuacha mayai. Alikuwa amelowa, anatetemeka kwa baridi, na alipokauka tu alirudi. Ukitaka kumwadhibu mtu, niadhibu mimi."

Shangazi Salvina alikaa kwenye kigoda.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba Nkwabi. Na... wanawake wote wa bombani."

"Yaani kitongoji kizima kinajua isipokuwa mimi!" Shangazi alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka puani. Kisha akawa mkali tena. "Vifaranga tisa, Limi. Vimekufa kwa sababu hukutaka kusimama kwenye foleni. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Mwezi mzima maji ya bata ni juu yako, na ndoo yangu ya maji ya kupikia pia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi. Na bata?"

"Bata ataishi. Atalalia tena, na wewe ndiye utakayemhudumia." Shangazi alimshika mkono akamvuta karibu. "Mtu akiwa mvivu siku moja anaweza kutengeneza, kama ulivyotengeneza na Baba Nkwabi, na hivi vitano viko hai kwa sababu ulimwambia ukweli mapema. Lakini kosa ukilificha, halipotei. Linamwangukia mwingine, asiyeweza kujitetea. Hebu fikiria. Ningemchinja bata asiye na kosa, ningempika na nazi, na wewe ungekaa hapo na sahani yako, unaniambia asante."