Mti Uliomeza Msumari

Siku zisizo za shule, Chiriku huamka mapema kufagia unga wa mbao chini ya mashine. Unga huo hautupwi: mwingine hutandikwa bandani kwa kuku, mwingine husindiliwa kwenye jiko la bati. Jina lake halisi hulisikia darasani tu. Nyumbani wanamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki; asipopata wa kuongea naye, huongea na ufagio.

Jumamosi ile alifagia kimya.

Karakana yao ilikuwa hapo hapo uani: paa la mabati, injini ya dizeli, msumeno wa duara na meza ya kusukumia magogo. Mpasuaji alikuwa Mama. Bibi, aliyemzaa Mama, alipanga mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye gome upande mmoja. Na leo, mezani lilikuwa limelala gogo la mti wao wenyewe, ulioangushwa na upepo nyuma ya jiko. Mbao zake zingekuwa kitanda cha Bibi.

"Kile cha sasa nikijigeuza kinalia kuliko mimi," Bibi alisema, akajicheka mwenyewe.

Mwiko mkubwa wa nyumba ile ulikuwa mmoja: msumari hauingii kwenye mti ulio hai. Hata kamba ya kuanikia nguo ilifungwa, haikupigiliwa. Gome hukua likaumeza msumari, na siku mti unapopasuliwa, meno ya msumeno hukutana na chuma. Mama alikuwa na kovu kidevuni, alama ya jino moja tu la msumeno lililoruka.

Chiriku aliujua mwiko huo vizuri. Lakini alipokuwa darasa la tatu alitaka pembea kwenye mti ule wa nyuma ya jiko, na kamba ikawa inateleza. Akapigilia msumari mrefu, akajiambia atautoa kesho. Kesho hiyo haikufika. Pembea ikachakaa, gome likafunga, naye akasahau, mpaka alipoliona gogo mezani.

Mama alilikwangua gogo kwa panga, akalipapasa kwa kiganja.

"Kuna mtu amewahi kupigilia kitu humu?"

"Nani athubutu, na wewe ulivyo mkali?" Bibi akajibu.

Mama akamgeukia binti yake. "Chiriku?"

"Hapana, Mama."

Lilimtoka jepesi kama kikohozi.

Injini ikanguruma. Banzi la kwanza lilipoanguka, Bibi na Chiriku walilibeba, huyu huku na huyu kule, mpaka nyuma ya nyumba palipokuwa na banda la mbuzi.

"Hili refu la uzio. Lile lililooza, kuni," Bibi alisema. Alizoea kusema neno moja akajibiwa kumi. Leo hakupata hata nusu. "Mjukuu wangu, ulimi umeuacha kitandani? Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Mkate wangu mrefu, ganda lake silili wala silitupi."

"Gogo na mabanzi yake," Chiriku alijibu bila kutabasamu.

"Umepata! Sasa nitegee wewe."

Chiriku aliangalia upande wa karakana. Mama alikuwa analigeuza gogo. Upande wa pembea sasa ulielekea msumenoni.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Mzee kameza kitu kigumu, kafunga mdomo. Aliyemlisha anajua, naye kafunga wake."

Bibi alitaka kujibu, akaona machozi. Banzi likamponyoka.

"Mti ule?"

"Ndiyo, Bibi. Msumari. Niliupigilia mimi."

Bibi hakuuliza zaidi. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akampa. "Miguu yangu haitafika. Kimbia! Pita mbele, mama yako akuone!"

Injini ile haikuruhusu mtu kusikia akiitwa. Chiriku alikimbia akipunga kitambaa juu ya kichwa. Mama alikwisha kuanza kusukuma. Akakiona kitambaa, akalivuta gogo nyuma, akazima injini. Kimya kikatua uani.

"Kuna nini?"

"Kuna msumari, Mama. Nilikudanganya."

Mama alichukua patasi na nyundo. "Nionyeshe."

Chiriku aliweka kidole penye uvimbe mdogo wa gome. Chini yake mti ulikuwa mweusi kama wino, na katikati kikaonekana kichwa cha msumari. Mama aliung'oa, akautazama kiganjani. Mkono wake mwingine ukapanda wenyewe mpaka kwenye kovu.

"Ungenyamaza kidogo tu, Chiriku..." Alimvuta kifuani, na unga wa mbao uliojaa nguoni ukamwingia mtoto puani, akapiga chafya katikati ya kilio. Bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema, akaangua kicheko.

"Usidhani yameisha," Mama alisema akijifuta macho. "Mbao zote hizi utazipanga wewe, na vijiti kati yake zipate hewa. Ukiruka kijiti mbao zikapinda, Bibi atalala kwenye mtumbwi."

Chiriku hakuruka hata kimoja. Mbao zilipokauka, seremala aliyekuja kuunda kitanda alitaka kuutupa ule ubao wenye doa jeusi la msumari.

"Thubutu!" Bibi alimzuia. "Huo niwekee upande wa kichwani."

Mchana kitanda kilipoingia ndani, Chiriku alijilaza kando ya Bibi, akaligusa doa.

"Bibi, halikiharibu kitanda?"

"Hata kidogo. Kupigilia msumari ulikuwa utoto. Kosa kubwa lilikuwa lile 'hapana', maana lilimweka mama yako mbele ya hatari asiyoijua. Lakini ulikimbia kulifuta kabla meno hayajafika. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema. Na ukichelewa, kimbia."

Bibi akajigeuza ubavu. Kitanda hakikulia. Chiriku akaanza kumsimulia mambo ya shuleni, na hakunyamaza mpaka Bibi alipokoroma.