Murugi Hafungi Kibanda

Murugi anauza mchele katika soko la Kagio. Wateja wanampenda, maana mchele wake hauna mawe na mdomo wake hauna haya.

Lakini kuna jambo lililomsumbua. Siku nyingine alipotewa na wakati. Alikuwa akipepeta mchele, halafu akashtukia jua limeshafika magharibi.

"Ulitukemea kama mama mzee!" watu walimwambia.

Yeye hakukumbuka hata neno moja.

Jambo usilolijua ni usiku wa giza, lakini baba yake mdogo, Kahiga, alijifanya analijua lote. Murugi alipewa jina la marehemu bibi yake, yaani cucu yake, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza.

"Huyo ni cucu yako amerudi," Kahiga alisema. "Funga hii kibanda. Uende ukae kwa maombi mpaka hiyo roho itoke."

Murugi aliogopa. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na mwanawe. Hakukifunga. Alikwenda kliniki, akamwona Kagure, nesi wa magonjwa ya akili. Kagure alimsikiliza siku nyingi kabla ya kusema lolote.

"Si cucu, na si pepo," Kagure alieleza. "Mtoto akiumizwa sana na hana pa kukimbilia, akili yake inaweza kujigawa ili avumilie. Huyo mkali anayekemea watu alikuwa anakulinda. Ni wewe mwenyewe."

"Ataondoka?"

"Kuna watu ambao sehemu zao huungana. Wengine wanaishi nazo vizuri tu, zikisikizana. Endelea kuja tuongee. Na watu wasikupigie kelele. Wakuite jina polepole, wakwambie uko wapi, wakupe kitu baridi ushike."

Murugi alimweleza jirani yake wa sokoni, Wangui, muuza ndizi. Yule mkali akitokea, Wangui alimpa chupa ya maji baridi.

"Murugi, uko Kagio. Uko salama."

Polepole, nyakati zile za kupotea zikapungua. Hazikwisha. Hata hivyo Murugi alilala vizuri, akacheka, na biashara ikakua.

Asubuhi moja Kahiga akaja na wazee wawili wa maombi.

"Twende!"

"Siendi, anko."

"Si wewe ni mgonjwa?"

"Ndiyo, na ninatibiwa. Mkitaka kuniombea, niombeeni hapa hapa, nitasema amina. Lakini hakuna mtu wa kutolewa ndani yangu. Nilipoumizwa nikiwa mtoto, nyinyi wakubwa mlinyamaza. Huyu ndiye alinisimamia. Ati leo nimfukuze?"

Kahiga aliangalia chini. Alijua ni kweli, na aibu ilimshika.

"Sasa... hapa naongea na nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na mwenye mchele," Murugi alijibu. "Kama hununui, anko, songa kando. Umefungia wateja njia."