Mgeni wa Meza ya Winifrida

Jumamosi ile Winifrida aligawa karatasi tatu, akakusanya nne.

Alizihesabu tena, amesimama mezani katika chumba chake cha mbele mtaani Izia, cherehani imesukumwa pembeni na kufunikwa khanga. Ya Vitus, muuza spea za pikipiki. Ya Meshack, mwalimu wa sekondari. Ya Hellena. Na hii moja, yenye mwandiko asioujua.

Mchezo wenyewe aliujulia Mbeya, alipokuwa chuoni. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajitungia mtu wa kumwigiza. Msimulizi anawaeleza wako wapi na kumetokea nini, wao wanasema wanafanya nini, na penye mashaka dadu huamua. Winifrida ndiye aliyekuwa msimulizi. Kabla ya yote alimwuliza kila mchezaji maswali matatu kwenye karatasi: mtu wako anaitwa nani, anataka nini, anaogopa nini. Hadithi nzima aliijenga juu ya majibu hayo, na hakuna aliyewahi kuketi pale akajiona wa pembeni. Hellena alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita, anaishi kwa wakweze, na nyumbani kwao humsikii. Hapo mezani alikuwa kiongozi wa msafara, akatoa amri mpaka Vitus akamwomba apumue.

Kwenye karatasi ya nne mahali pa jina palikuwa patupu. Anataka nini: *Kukaa.* Anaogopa nini: *Kutolewa.*

"Vitus, acha utani wako."

"Dada Wini, mwandiko wangu si unaujua? Kuku akiparura anaandika vizuri kuliko mimi."

Wakacheka. Winifrida naye akacheka, na kwa kuwa hakupenda kumkatisha mtu tamaa hata akiwa anatania, akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mezani. "Basi, mgeni wetu, karibu. Keti nasi."

Jumatatu, akiwa anashona sare za kwaya, alisikia dadu zikibingirika ndani ya kopo lake. Akasimamisha cherehani. Zikanyamaza. Jumatano chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji, ingawa yeye alipikia gesi, tena jikoni. Kile kiti alikirudisha ukutani mara tatu, na mara tatu akakikuta mezani, kimevutwa kidogo, kama cha mtu aliyenyanyuka kwenda kunawa.

Mama Avelina, mwenye nyumba, aliishi mlango wa nyuma. Alikuwa mama mtu mzima, haachi rozari, na watu walitoka mbali, hata Kasense, kumletea wagonjwa waliopandwa na pepo. Alhamisi alimkuta Winifrida akianika nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una mgeni?"

"Hapana, mama. Niko peke yangu."

Mama Avelina aligeukia dirisha la chumba chake. "Mbona mnaongea?"

Jumamosi iliyofuata upepo wa Juni ulikuwa ukivuma tangu asubuhi, ule wa baridi unaopenya hadi chini ya vitenge. Saa nane mchana wote watatu walikuwa wamefika na makoti yao. Winifrida alitaka kuahirisha, lakini Hellena alikuwa ametembea kwa miguu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Winifrida asingeweza kuizima. Akaanza.

"Msafara umefika kwenye nyumba iliyoachwa, juu kabisa mlimani," alisimulia. "Mlango uko wazi. Mnafanya nini?"

"Mimi nafunga mlango," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti ya chini, ya adabu, na ilitoka kwenye kile kiti kitupu.

Mlango wa chumba ukajifunga.

Vitus aliruka kuufikia, na kabla mkono wake haujagusa komeo sauti ikasema taratibu, kama msimulizi aliyeizoea kazi yake, "Vitus anavuta komeo. Komeo halisogei." Vitus akavuta kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, na komeo halikusogea.

"Meshack anapiga simu. Inaita, inaita, hakuna anayepokea."

Meshack akaishusha simu sikioni. Ilikuwa bado inaita.

Akakimbilia dirishani. Nje kulikuwa na mchana wa kawaida kabisa, mama mmoja akipita na ndoo ya ulezi kichwani, na Meshack akagonga kioo kwa ngumi akipiga kelele kwamba wamefungiwa, jamani, mtufungulie, lakini mama yule aligeuka tu, akatabasamu, akamwambia mwenzake nyuma yake maneno waliyoyasikia wote wanne: "Hawa watu wa mchezo, sikia wanavyocheka."

"Dada Wini, mwambie aache," Vitus alinong'ona. "Wewe si ndiye msimulizi?"

Winifrida akafungua kinywa kusema mlango umefunguka, na maneno yakamkauka kooni, akaelewa kwamba kiti kile hakikuwa tena cha mchezaji; kwamba kila kitakachosemwa kutoka pale ndicho kitakachokuwa, na kila atakachosema yeye kitabaki pumzi, na kwamba yule aliyeketi mbele yake asiyeonekana alikuwa amejifunza kazi hii kwake, Jumamosi nzima iliyopita, kwa kumsikiliza vizuri kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kumpata.

"Hellena," sauti ikasimulia kwa upole, "hataki kurudi nyumbani."

"Hellena, usimjibu," Meshack alisihi.

Hellena alikuwa hajasogea. Harufu ya majivu mabichi ilikuwa imejaa sasa, nzito, ya kukaba, na mikono yake juu ya meza ilikuwa imeanza kugeuka rangi, kijivu kikipanda kutoka kwenye kucha kwenda viganjani kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Ni kweli," akasema. "Sitaki. Huku naulizwa ninataka nini. Kule hakuna anayeniuliza hata kama nimekula."

"Basi atakaa nami," sauti ikasema.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Mama Avelina, nje ya mlango. Moshi wa majani makavu aliyoyawasha juu ya kigae ukaanza kuingia kwa chini. Kiti kikalia, kama mtu aliyegeuka ghafla.

"Winifrida! Nimehesabu walioingia, nimehesabu wanaocheka. Wamezidi. Umemkaribisha?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mdomo wako?"

"Ndiyo."

"Basi mtoe kwa mdomo huohuo. Nyumba ni yangu lakini meza ni yako, mimi siwezi kumfukuza hapo. Moshi huu utakupa sauti. Wahi!"

Winifrida aliinama akauvuta moshi mpaka machozi yakamtoka, na koo likafunguka.

"Mgeni," akasema.

"Uliniuliza ninaogopa nini," sauti ikamkatiza, sasa karibu na sikio lake, ikitetemeka kama ya mtoto aliyeamshwa. "Nimekaa kwenye nyumba za watu tangu hazijaezekwa bati. Nimefukuzwa kwa ngoma, nimefukuzwa kwa maji ya baraka. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe tu. Usinitoe."

Na hapo ndipo alipokaribia kushindwa, kwa sababu katika miaka yote ya mchezo huu hakuwahi kumwambia mtu aondoke mezani kwake, hata mlevi, hata mgomvi, na sauti ile haikuwa inadanganya, alijua haidanganyi. Kisha akamtazama Hellena. Kijivu kilikuwa kimefika viwikoni, na macho yake yalikuwa yameacha kupepesa.

"Mgeni anasimama," alisema Winifrida. Kiti kikaburuzwa nyuma. "Anakwenda mlangoni. Anaufungua mwenyewe." Alikuwa analia waziwazi. "Anatoka. Hapa hana tena nafasi."

Komeo likalia. Upepo wa baridi ukaingia, ukazunguka chumba mara moja, ukatoka. Karatasi zikamwagika sakafuni. Mama Avelina, aliyekuwa kizingitini na kigae chake, alijisogeza pembeni na kuinamisha kichwa, kama unavyompisha mtu.

Hellena alikohoa majivu, akaanza kutetemeka kwa baridi, na rangi ikamrudia vidoleni kimoja kimoja. Vitus alikuwa ameshatoka bila koti. Meshack alimkokota Hellena hadi juani, akamwambia atazungumza na wazee wa jumuiya kuhusu wakweze, leo hii hii, na Hellena akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Ndani wakabaki wanawake wawili. Mama Avelina alisambaza moshi kila kona, akakichukua kile kiti akakipasua kwa shoka uani, akarudi akamkuta Winifrida amesimama nje ya mlango, anatazama barabara iendayo mashambani.

"Mama, amekwenda wapi?"

"Usiniulize."

"Alikuwa analia."

"Nilimsikia. Wanalia wote." Mama Avelina alimshika kiwiko kwa nguvu. "Nikikuambia alikokwenda, wewe utamfuata. Ingia ndani, ufunge mlango."

Winifrida hakuingia. Upepo ulikuwa umetulia, na alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa mbali.