Tonge la Mwali

Sahani ilikuwa inarudi safi mno. Mwali aliyekaa ndani mwezi wa nne huacha walau punje mbili tatu ukingoni, maana kula kwenyewe kunachosha. Ya Ancha ilirudi imepanguswa, na Ancha mwenyewe anazidi kupungua. Tena chumba chake kilinuka uchachu, kama uji uliolala.

Mama yake, Bi Zainabo, aliyaona hayo akayanyamazia. Ulikuwa mwaka wa saba wa vita. Tropa, askari wa Mreno, walikuwa wamewakusanya watu wa upande wa Quiterajo ndani ya kambi ya uzio wa waya, pamoja na Wamakonde walioshushwa kutoka bara. Nyumba zilibanana ukuta kwa ukuta, na shambani mtu alitoka kwa ruhusa na kurudi kabla ya alasiri. Njaa ilikuwa ya wote. Lakini mila ni mila: mwali akitoka unyagoni huwekwa ndani anenepeshwe, aolewe ananawiri, na kila nyumba humletea konzi ya mchele. Bi Zainabo, ambaye kiburi alizaliwa nacho, alizipokea konzi hizo hata kwa wasio na kitu. Mwanawe asingetoka kama ukuti mbele ya wakwe.

Kisha bangili zikaanza kumtoka Ancha mkononi zenyewe. Nywele zilibaki kwenye kitana, na mikononi zikaota nyingine laini, kama za kichanga. Jua la utosi lilimkuta anatetemeka kwa baridi. Damu ya mwezi nayo ikakatika, mwezi wa tatu sasa. Hapo Bi Zainabo akashikwa na hofu ya kila mama mwenye mwali, akamwita kungwi aje amtazame kama ana mimba.

Kungwi alifunga mlango. Alimpapasa tumbo, akatazama mashavu yaliyovimba, meno yaliyoanza kuliwa, na makovu kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia.

"Hana mimba, mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini. "Anakula, kisha anakirudisha. Moyo wake unakwenda polepole kama wa ajuza. Muulize kisa chake kabla hujamzika."

Bi Zainabo hakuuliza. Kutapika mchele wa watu wakati wa njaa, aibu hiyo angeipeleka wapi? Afadhali jini. Jini humwingia hata binti wa sharifu, na hakuna anayemcheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua tangu utoto, lakini aliwaambia majirani kwamba mwali kapandwa, akamwita Maalim Abacar, fundi wa majini.

Alitafuta jini wa kumfichia aibu, akampata.

Maalim alikuja mchana, akamfunika Ancha shuka jeupe, akafukiza ubani. Akauliza yanayoulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Majini wa pwani wana tamaa zao zinazojulikana, mayai, maji ya waridi, kanga mpya, na Bi Zainabo alikuwa ameshaziandaa kwenye sinia. Huyu hakuligusa sinia. Kilichosikika ni kutafuna, taratibu, chini ya shuka, na Maalim alipolifunua akaona midomo ya Ancha imefumbwa, haitikisiki, huku sauti ile ikiendelea kutoka ndani zaidi, kifuani, tumboni, kama mtu mdogo aliyejifungia mle na anachotafuna hakimaliziki, mpaka ubani wote ukageuka harufu ya uchachu na wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Kisha ikaja sauti ya mtoto.

"Nataka uji."

Maalim akauliza jina, kwani jini asiye na jina hatoki.

"Muulize mwenye nyumba. Mimi na mama tulikuja mlangoni kwake."

Bi Zainabo alikumbuka. Kwenye masika, Felismina, Mmakonde wa upande wa pili wa ukuta ule ule, alikuja na mwanawe kuomba mchele kidogo wa uji. Bi Zainabo aliapa kwa Mungu kwamba ndani hamna hata punje. Wiki haikuisha, kilio kikasikika ng'ambo ya ukuta, na matangani hakwenda. Mwaka mzima wa ujirani, na jina la mtoto hakuwahi kuliuliza. Kwake wote walikuwa watoto wa bara.

Maalim, kidole kwenye mshipa wa Ancha, alimwambia alilete jina upesi, kwani mshipa ulikuwa unampotea.

Bi Zainabo alimkuta Felismina anatwanga makopa ya muhogo. Akasema yote akiwa amesimama uani, watu wakisikia: kwamba mchele ulikuwepo, kwamba aliapa uongo, kwamba sasa anaomba jina. Felismina aliuegemeza mchi kwenye kinu.

"Mara ya kwanza ulimfukuza bila jina, mama Ancha," alisema. "Sasa unalitaka jina umfukuze vizuri."

Bi Zainabo alipiga magoti kwenye vumbi, yeye Zainabo, akainamisha kichwa. Felismina akamwambia ainuke akapike uji.

Akaja mwenyewe. Alikaa kando ya Ancha, akaita kwa lugha ya kwao, polepole, "Graça. Twende, mwanangu. Hapa si kwetu."

Kutafuna kukakoma. Ancha akafumbua macho, akamtafuta mama yake.

"Tonge nilikuwa nalo mdomoni, mama, ulipokuwa unaapa," alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyokauka. "Tangu siku ile hakuna kinachokaa."

Felismina akamnywesha kijiko cha kwanza, akangoja, akampa cha pili. Kikakaa. Bi Zainabo alilia kwa aibu, kwa kuwa mkono uliomlisha mwanawe ulikuwa ule aliounyima.

Felismina alipoondoka, alivuka ua mkono wake umepinda kiunoni kama aliyebeba mtoto, mwili umeelemea upande mmoja. Kanga yake ilikuwa imevutika begani, imekunjamana mahali pamoja kama iliyokamatwa na ngumi ndogo, na juu ya bega lile, Bi Zainabo aliona wazi, palikuwa na mtu anayemtazama. Aliinama chini mpaka walipopita.