Watu Sitini na Mmoja

Kila siku akitoka shule, Ntinyari aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akiombea stima ipotee. Watu wote wa Ruiri walinung'unika stima ikipotea: kinyozi alisonya mlangoni pa duka lake, na kina mama waliokuwa wamepanga foleni na mahindi yao walirudi nyumbani wakilaumu serikali. Ntinyari peke yake alitabasamu. Nyumba yao ilipakana na mashine ya kusaga unga, na mashine hiyo ilinguruma kutwa nzima bila kupumua. Ilinyamaza tu umeme ulipokatika.

Ikinyamaza, aliacha kila kitu, akaingia chumbani, akajifunika blanketi mbili gubigubi, akaanza kurekodi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa na podkasti yake, yaani kipindi kama cha redio ambacho mtu hujirekodia nyumbani, kisha akakiweka mtandaoni kila anayetaka akisikilize. Ufundi wote aliupata kwenye video alizotazama kwa simu ya mama yake. Alijua kuwa blanketi huzuia mwangwi wa mabati, na kwamba soksi safi ikivishwa simu, pumzi ya msemaji haivumi. Alijua pia kuwa jogoo anafaa kufungiwa mbali, ila jogoo wa nyumbani kwao hakuwa ametazama video hizo.

Podkasti aliiita Sauti za Ruiri. Kipindi cha kwanza kilihusu mvua iliyochelewa, cha pili timu ya mpira ya shule, na cha tatu hata mwenyewe alishindwa kueleza kilihusu nini. Wasikilizaji wake walikuwa wanne. Kulikuwa na yeye mwenyewe, mama yake, na Fosia, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja. Wa nne hakujulikana, na Fosia alishuku ni Ntinyari tena kwa simu ya shangazi yake. Kila asubuhi Ntinyari aliangalia ile namba nne, na kila asubuhi alikata tamaa zaidi kidogo.

Fosia ndiye aliyemwambia kuwa watu hawataki kusikia habari za mvua wanayoiona wenyewe. Kwa nini asimhoji Mzee Muthamia, mfugaji wa nyuki?

Mzee Muthamia alijulikana kote Ruiri kwa asali yake, lakini mahali alipotundika mizinga palikuwa siri. Aliyepajua ni mtu mmoja tu: Abdisalam, baba yake Fosia, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye mifugo yake ililishwa upande huo. Wazee hao wawili walikuwa marafiki kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi Abdisalam alipeleka kidumu cha maziwa kwa Muthamia, na kila msimu wa kurina, kidumu kilekile kilirudi kimejaa asali.

Ntinyari alijua mzee hangekubali maneno yake yaende mtandaoni. Kwa hiyo alimwambia ni kazi ya shule. Uongo huo ulimtoka kwa urahisi hata akajishangaa.

Mzee alifurahi mno. Alisema hata watoto wake wa kuzaa hawajawahi kumuuliza habari za nyuki. Jumamosi hiyo alimpeleka hadi kwenye korongo lake la siri, akamwonyesha mizinga saba ya magogo juu ya migunga, akieleza njia hatua kwa hatua huku simu ikirekodi. Mnapita machimbo ya mawe, alisema, mnashuka kushoto penye mti uliopigwa na radi. Alieleza kuwa ukame uliwafukuza nyuki miaka miwili, na sasa wamerudi. Asali ya mwaka huu hakuwa na mpango wa kuiuza. Mwanawe alikuwa akienda kuposa mwezi wa Desemba, na kwa Wameru mtu haendi kwa wakwe bila asali. Alitaka iwe asali ya mikono yake mwenyewe. Wakati huo ndege yule anayewaongoza watu kwenye asali alianza kulia juu ya vichwa vyao, na mzee akacheka kwa sauti.

Walipokuwa wakiondoka, mzee aligusa simu kwa kidole. "Haya ya mahali yaache hapahapa, mwanangu," alisema. "Mwalimu mwambie hayo mengine."

Ntinyari aliitikia, na wakati huo alikusudia kutii. Lakini nyumbani, alipoanza kukata sehemu ya njia, kila alipokata palibaki pengo, na ndege akapotea, na kile kicheko cha mzee kikakatikia katikati. Alijaribu jioni nzima. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote alizowahi kurekodi, bila mashine na bila jogoo. Mwishowe alijiambia: kwani nani husikiliza? Watu wanne. Akakipakia mtandaoni kilivyo.

Kufikia Ijumaa, namba ilikuwa imefika sitini na moja. Ntinyari alimwonyesha Fosia simu, wakarukaruka uwanjani hadi kengele ikalia. Sitini na moja! Hakuwa amewahi kujiona mtu wa maana namna ile.

Jumapili, Mzee Muthamia alikuta mizinga yote saba chini. Miwili ilikuwa imepasuliwa kwa shoka, mingine imechomwa. Masega yalikuwa yamebebwa, majana, yaani watoto wa nyuki, yametupwa kwenye vumbi, na nyuki waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba alikanyaga juu yao akitafuta pa kuweka mguu. Hayo watu waliyajua kwa sababu mkewe aliyasimulia sokoni. Mzee mwenyewe hakumfikiria mtoto wa kazi ya shule; alimfikiria rafiki yake. Siku iliyofuata, Abdisalam alipopeleka maziwa, alikuta lango limefungwa kwa ndani. Aliita mara tatu. Kidumu chake cha siku iliyotangulia kilikuwa kimetundikwa kwenye ua, kitupu, kimepinduliwa mdomo chini.

Soko halikuhitaji kuelezwa zaidi. Nani mwingine alipajua mahali? Watu waliokula nyama ya mbuzi wa Abdisalam kwenye harusi zao walianza kumwita "huyo wa kuja," kana kwamba alifika jana. Wateja wawili walikataa mbuzi wake.

Fosia alihama dawati. Ntinyari alimfuata kwenye mfereji wa maji wakati wa mapumziko, na Fosia hakugeuka.

"Mimi nilisikiliza kile kipindi," alisema, maji yakifurika kwenye chupa yake. "Mpaka mwisho."

"Mbona hujasema?"

"Nikisema mimi, wataona namtetea tu babangu." Alifunga chupa. "Ni wewe wa kusema. Mimi nangoja."

Hakungoja kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Ntinyari zaidi. Siku hiyo alifuta kipindi. Alidhani kifua kitatulia, lakini jioni alimsikia kijana wa mashine ya kusaga akikicheza kwenye simu yake, kwani mtu alikuwa amekisambaza kwenye kikundi cha WhatsApp. Kicheko cha mzee kilisikika kikipanda juu ya mngurumo. Alielewa kuwa kile kitu hakiko mikononi mwake tena, na hakuna kitufe duniani cha kukirudisha. Siku tatu hakula vizuri. Mama alipomuuliza, alisema ni tumbo. Aliwaza kuwa akinyamaza, yatasahaulika. Kisha akimwona Fosia akila peke yake chini ya dirisha la darasa, alijua hayatasahaulika.

Alhamisi, wakichambua maharagwe pamoja, alimweleza mama yake kila kitu, akianzia kwenye ule uongo wa kazi ya shule. Alisubiri kofi. Mama alikusanya maharagwe yote kwenye ungo, taratibu, hata yaliyoanguka chini, kisha akachukua leso yake msumarini.

"Twende," alisema.

"Utamwambia wewe, Mama?"

"Nitasimama karibu nawe. Mdomo ni wako."

Lango la Mzee Muthamia lilifunguliwa kwa ajili ya mama. Mzee aliketi kwenye kigoda, gogo la mzinga uliopasuka likiwa mbele yake, akijaribu kulifunga kwa waya ingawa yeyote angeona kuwa halifai tena. Ntinyari alishindwa na maneno aliyokuwa amejipangia. Akatoa simu ya mama yake, akacheza kipindi alichokuwa bado amekihifadhi.

Mzee alisikiliza sauti yake mwenyewe ikitaja machimbo ya mawe na mti uliopigwa na radi. Alisikiliza ndege na kicheko. Ntinyari hakuwa amekata hata ule mwisho, kwa hiyo wote watatu walisikia, "Haya ya mahali yaache hapahapa, mwanangu." Kisha simu ikanyamaza, na kwa mbali mashine ya kusaga ikaendelea kunguruma.

"Haikuwa kazi ya shule, Mzee," Ntinyari alisema, machozi yakimtiririka. "Nilikudanganya. Niliiweka sauti yako mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote husikia."

"Walisikia wangapi?"

"Sitini na mmoja. Wakati ule."

Mzee aliweka waya chini. Aliangalia lango lake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa mara ya pili.

"Nimewaambia watu sitini na mmoja kwa mdomo wangu," alisema, "na nimemfungia mlango mmoja."

Aliinuka kwa shida, akakitoa kile kidumu kwenye ua, akakifuta vumbi kwa pindo la shati, na kutoka. Mama na Ntinyari walimfuata. Kupita sokoni na kidumu kitupu mkononi, mchana kweupe, watu wakimtazama, si jambo dogo kwa mzee wa umri ule.

Abdisalam alikuwa zizini na Fosia. Muthamia alisimama nje ya miba ya ua na kusema alichokuja kusema, kwa sauti ya kutosha waliokuwa barabarani kusikia: kwamba alimdhania vibaya, na kwamba anaomba msamaha. Ntinyari naye alisema yake. Abdisalam aliwasikiliza bila kuacha kumshika mbuzi pembe.

"Miaka kumi na tisa, Muthamia," alisema mwishowe. "Hukuniuliza hata swali moja."

"Sikukuuliza," mzee alikubali.

Abdisalam alikipokea kidumu, akakitazama ndani kana kwamba hakijui. "Maziwa ya leo yamekwisha," alisema. "Kesho." Kisha akaingia nyumbani.

Aliyeiba asali hakujulikana, na mpaka leo hajulikani. Nyuki hawakurudi msimu huo. Mzee Muthamia alituma ujumbe kwa wakwe kuwa posa itangoja mwaka mwingine, na mwanawe hakumsemesha baba yake kwa wiki nzima. Lakini Ijumaa kidumu kilikuwa kwenye ua, kimejaa. Na Jumatatu Fosia alirudi kwenye dawati, akasukuma begi la Ntinyari upande wake kama zamani, ingawa hakusema mengi siku hiyo.

Ntinyari alitaka kuiacha podkasti kabisa. Ni mzee aliyemkatalia. Stima ilipopotea tena, alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwao, akakataa kuingia chini ya blanketi, akarekodi akiwa ameketi kizingitini. Alieleza kuwa Abdisalam hakuhusika, na kwamba yeye Muthamia ndiye aliyekosa. Ntinyari alieleza kosa lake baada yake. Walipomaliza, alimchezea mzee yote kuanzia mwanzo, akamwambia yataenda wapi na yanaweza kusikiwa na nani, na hakubonyeza chochote hadi mzee alipokubali kwa kichwa.

"Sauti ya mtu ni yake," mzee alimwambia, akiinuka. "Ukiichukua, mwambie ukweli unaipeleka wapi. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Wewe ulichelewa siku nne, na hizo siku nne Abdisalam hatazisahau."

Kipindi hicho kilisikilizwa na watu tisa. Ntinyari aliiangalia namba hiyo mara moja tu, kisha akaenda kumsaidia mama kuchambua maharagwe, kwa kuwa stima ilikuwa imerudi na mashine ilikuwa imeanza tena.